Amina ya Kizigua

Nilikuwapo siku hiyo, na sikuona kitu. Nilikuwa nimeketi juu ya kinu kilicholazwa ubavu, karibu na ofisi ya kijiji cha Kwedilima, wilayani Handeni, daftari la utafiti likiwa magotini, nikaandika hivi: "Ijumaa. Dua ya kuomba mvua. Waislamu karibu wote wa kijiji. Wakristo wachache wamesimama pembeni. Mmoja, mwanamke, ameitikia. Ushirikiano mzuri." Kisha nikafunga daftari, nikaenda kupima shamba la ujamaa. Ulikuwa mwaka 1975. Chuo kikuu kilikuwa kimenituma nichunguze namna watu waliohamishiwa katika vijiji vipya wanavyoishi pamoja, na nilidhani neno lile moja ndilo jibu la swali nililotumwa nalo. Sikuona kwamba mzee mmoja, aliyesimama hatua kumi tu kutoka nilipoketi, aliokota jembe lake akaondoka kabla dua haijaisha. Wala sikumtazama mara ya pili yule mwanamke aliyeitikia.

Mengine nilisimuliwa baadaye na wenyewe, kila mmoja kwa upande wake. Pale waliponyamaza, nimethubutu kusema mimi.

Mwanamke huyo aliitwa Rosina. Alikuwa Msambaa wa Mpale, mke wa Filemoni, mwinjilisti wa mtaa mdogo wa Wakristo uliokuwa na kanisa la udongo na nyasi upande wa mashariki wa kijiji. Alikuwa akitoka kuteka maji katika visima vilivyochimbwa mchangani mtoni, ndoo kichwani, akasimama kwa adabu kama mtu anavyosimama msiba unapopita. Mwalimu Kibwana wa madrasa aliomba kwanza kwa Kiarabu, na Rosina akanyamaza. Kisha mwalimu akageukia Kizigua, na Kizigua na Kishambaa ni lugha za tumbo moja; Msambaa hahitaji mkalimani. Alisema: Bwana wa mbingu, hatukuja kwa sababu sisi ni wema. Tumekuja kwa sababu watoto wanalia, na mvua ni yako. Utupe. Na usipotupa, usituzuie kuendelea kukuita.

"Amina," akasema Rosina. Hakukusudia kupaza sauti, lakini ilikuwa sauti ya mwimbaji wa kwaya, nayo ilifika mbali.

*

Asubuhi ya Jumamosi hodi ilipigwa mlangoni kwake. Walikuwa Mzee Paulo, kiongozi wa wazee wa kanisa, na Mama Yuditha, mkuu wa umoja wa wanawake.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Karibuni vigoda."

"Marahaba," alisema Mzee Paulo, akabaki amesimama.

"Tumefuata vitambaa," alisema Mama Yuditha, macho yakiwa kwenye paa.

"Vitambaa vipi, mama?"

"Vya altare. Na pasi."

Kufua na kunyoosha vitambaa vya altare, meza ya ibada kanisani, ilikuwa kazi ya Rosina tangu walipohamia Kwedilima. Hakuna aliyemwajiri wala kumlipa kwa kazi hiyo. Ilikuwa heshima yake. "Meza ya Bwana ni wiki mbili zijazo," alisema. "Sijavinyoosha bado."

"Nitavinyoosha mimi."

Rosina aliingia ndani, akatoka na vitambaa vimekunjwa mara nne, akavikabidhi kwa mikono miwili. "Pasi ni yangu, mama. Nilipewa na mama yangu nilipoolewa."

Mama Yuditha alisita. "Basi vitambaa tu."

Filemoni alitokea uani akifunga vifungo vya shati. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka na usomaji wa haraka zaidi.

"Mwinjilisti," alisema Mzee Paulo, "jana mkeo aliitikia Amina msikitini."

"Haikuwa msikitini, mzee," alisema Rosina. "Ilikuwa ofisini kwa kijiji. Mwenyekiti aliita watu wote."

"Aliita watu wote wahudhurie. Hakuita watu wote waitikie." Mzee Paulo alimgeukia Rosina kama anayeuliza maswali ya kipaimara, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Mama Justa, Amina maana yake nini?"

"Na iwe hivyo."

"Na iwe vipi?"

"Mvua inyeshe."

Filemoni alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake. Mzee Paulo hakucheka.

"Usinichezee, binti."

"Sikuchezei, mzee. Ndivyo mwalimu alivyoomba."

Mzee Paulo akasema waliyoyaamua wazee. Siku ya Meza ya Bwana, mchungaji atakapokuja kutoka Korogwe, Rosina atasimama mbele ya washarika na kusema: Naikana Amina ile. Hadi siku hiyo atakaa benchi la nyuma. Akisema, atarudi kundini na habari itaishia hapo. Asiposema, atatengwa, na mwinjilisti ambaye nyumba yake imetengwa hawezi kuongoza nyumba za wengine.

Walipokwisha kuondoka, Rosina aliishusha pasi kutoka rafuni, akaifuta vumbi, akairudisha.

*

Unga wa msaada, ule wa mahindi ya njano, uligawiwa Jumatano. Foleni ilianza mlangoni kwa ghala ikazunguka ofisi yote. Mbele ya Rosina alisimama jirani yake Zamda, Mzigua, mama wa watoto sita, mwenye ulimi ambao hata mwenyekiti wa kijiji aliuogopa.

"Mpisheni Bi Amina!" alipaza sauti Zamda. "Mpisheni apite, mwanamke wa watu!"

Foleni ikageuka. "Bi Amina ndiye nani?"

"Huyu hapa. Ijumaa si mlimsikia? Mimi nilimsikia hadi masikio yakaziba."

"Jamani! Kumbe mtu anasilimu kwa neno moja?" alisema mwanamke mwingine. "Mimi nilichapwa fimbo miaka minne kwa mwalimu, na hadi leo herufi zinanikimbia."

"Wewe ulichapwa kwa sababu ulikuwa unakula ubao, si kuusoma."

"Bi Amina, sasa tukufunge ushungi!" Na Zamda akavuta kanga ya Rosina begani, akaifunga kichwani kwake kwa ufundi, akarudi nyuma hatua moja kumtazama. "Haya. Mrembo. Filemoni akikukataa, nina kaka yangu mgane."

Rosina alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Jumamosi, na kilimtoka chote, hadi akashika tumbo. Nyuma yake, baada ya watu watano, alisimama Mama Yuditha, debe mkononi, na hakucheka.

Siku ya pili lori lilikwenda Korogwe kuchukua mbegu, na habari ikaenda nalo. Kicheko hakikupanda lori. Lililofika Korogwe ni jina peke yake.

*

Barua ya Mchungaji Habakuki ilifika Jumatatu. Filemoni aliisoma kwa sauti, amesimama mlangoni:

"Nimepata habari ya kusikitisha kwamba mkeo amesilimu na amepewa jina la Amina. Ikiwa ni kweli, jiandae kukabidhi vitabu vya mtaa pamoja na nyumba. Ikiwa si kweli, yeye mwenyewe aseme hivyo mbele ya washarika, na aikane dua aliyoitikia, kama wazee walivyoagiza."

Alianza kucheka alipofika kwenye jina. Alipofika kwenye nyumba hakuwa akicheka tena. Aliikunja barua, akaikunjua, akaikunja.

"Ni sentensi moja, Rosina."

"Naijua."

"Unasimama, unasema, unakaa. Hata dakika haiishi."

"Na Mungu je?"

"Mungu anaujua moyo wako."

"Kama anaujua moyo wangu, mbona unataka mdomo wangu umwambie kitu kingine?"

Filemoni aliketi kwenye kizingiti. "Miaka kumi na moja nimetembea kwa miguu kwa kazi hii. Nimelala njaa katika nyumba za watu. Nirudi Mpale nikawaambie nini? Kwamba niliachishwa kazi kwa sababu ya mvua ambayo hata haikunyesha?"

"Waambie mkeo ni mkaidi."

"Hilo wanalijua."

Rosina aliketi karibu naye, sauti yake sasa ikiwa chini.

"Baba Justa, nisikilize. Mimi sijui kama nilikosa. Nikijua nilikosa, nitatubu kesho. Nitatubu hata pale Mombo stendi, mbele ya abiria wanaonunua mahindi ya kuchoma. Nikijua sikukosa, nitavumilia. Lakini sijui, na hilo ndilo linaloniumiza. Wewe umesoma. Nisaidie kujua."

Filemoni alikuwa amefundishwa miaka miwili namna ya kujibu maswali, na maswali yote aliyofundishwa yalikuwa na jibu lililoandikwa chini yake.

"Kamwulize Mzee Paulo," alisema kwa hasira.

Alilisema ili kuyafunga mazungumzo. Rosina alilipokea kama ushauri.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mumewe. Tangu Jumamosi ile alikuwa akiomba kila alfajiri kama kawaida yake, na kila alipofikia neno la mwisho alikwama. Alilitazama neno lile kama mtu anayetazama mlango ambao jana aliupita bila kuuona, na hakuweza kulitamka. Kwa siku tisa sala zake hazikuwa na mwisho.

*

Alimkuta Mzee Paulo katika shamba lake la mihogo, akipalilia udongo mkavu uliopaa kama majivu kila jembe liliposhuka.

"Shikamoo mzee. Pole na kazi."

"Marahaba. Umekuja kutubu?"

"Nimekuja kuuliza."

"Wewe ni mke wa mwinjilisti, bado unauliza?"

"Mke wa mwinjilisti ndiyo. Lakini bado ni mwanafunzi."

Mzee aliliegemea jembe. Alimtazama kitambo, kisha akaanza kusema, si kwa ukali ambao Rosina alizoea kuusikia.

"Mimi nilizaliwa Magoma, na jina langu lilikuwa Mdoe. Baba yangu alikuwa mtu wa msikiti, ndiye aliyeadhini. Nilibatizwa nikiwa na miaka ishirini na mbili, akaninyima salamu. Mwaka uliofuata akafa. Nilikwenda. Ndugu zangu hawakunifukuza, usidhani. Walisema: Wewe ni mwanawe wa kwanza, simama kichwani kwa kaburi, inua mikono, uitikie dua pamoja nasi, kisha utie udongo. Amina moja tu, mama Justa. Nilikataa. Nilisema, mimi nimekwisha kuchagua. Basi wakanipokonya udongo niliokuwa nimeshika." Aliufungua mkono wake wa kulia, akautazama. "Baba yangu alizikwa na majirani, mimi nikitazama. Na wewe Amina hiyohiyo umeitoa bure, na ndoo ya maji kichwani."

Rosina alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Hakuwa amelijua jambo hili. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba mzee huyu hakuwa akilinda sheria. Alikuwa akililinda kaburi. Angeweza kupiga magoti pale pale kwenye mihogo. Alikuwa tayari kabisa. Lakini swali lilikuwa limekwisha kufika mdomoni.

"Mzee, walikuwa wanaomba nini?"

"Wapi?"

"Kaburini. Ile dua ilisema nini?"

Jembe lilishuka mara moja, mara mbili. "Ilikuwa Kiarabu."

"Ndiyo, mzee."

"Sikujua Kiarabu. Hata baba hakukijua, alikariri tu." Akang'oa gugu moja. "Walikuwa wanamwombea baba."

"Wanamwombea apewe nini?"

Mzee Paulo aliinama, akafukia mzizi uliokuwa wazi. "Rehema, nadhani," alisema. Kisha akaukunja uso. "Usifikiri umenishinda."

"Sikuja kushindana. Ulichokikataa ulikuwa na haki ya kukikataa, nami nisingethubutu kukudai. Nilitaka tu kujua."

"Nenda nyumbani, mama Justa."

Alikwenda. Njiani alijaribu kulipanga jambo kama anavyopanga kuni. Mzee Paulo alinyima Amina kwa maneno asiyoyaelewa. Yeye aliitoa kwa maneno aliyoyaelewa yote, neno kwa neno. Na zile Amina nyingine? Alijaribu kukumbuka sala ya Jumapili iliyopita, aliyoiomba mume wake mwenyewe, na ambayo aliiitikia kwa sauti ileile. Hakukumbuka hata neno moja. Alijaribu ya Jumapili ya kabla yake. Alisimama katikati ya njia, jua la saa sita likiwa utosini, na hofu iliyomshika ilikuwa kubwa kuliko ile iliyoletwa na barua.

*

Mchungaji Habakuki alifika Jumapili kwa pikipiki, mavumbi yakiwa yamempaka nyusi nyeupe. Kanisa lilijaa, wengine walisimama madirishani, na miongoni mwa hao alikuwa Zamda, aliyesema amepita tu. Kabla ya kuandaa meza, mchungaji alimwita Rosina kutoka benchi la nyuma.

"Unaitwa nani?"

"Rosina, Mchungaji."

"Una jina jingine?"

"Mama Justa. Na wanawake wa foleni ya unga huniita Bi Amina."

"Kwa nini?"

"Kwa utani."

"Ni mimi!" alisema Zamda dirishani. "Nilimtania tu, Padri."

"Si padri, ni mchungaji," mtu alimnong'oneza, na kicheko kikapita kanisani kama upepo kwenye mahindi. Mchungaji aliinamisha kichwa hadi kicheko kilipokwisha.

"Kwa hiyo hukusilimu."

"Sikusilimu. Mimi ni wa Yesu Kristo, na nataka kuwa wake kuliko nilivyokuwa."

"Namshukuru Mungu. Basi lililobaki ni dogo." Alimpa karatasi. "Sema maneno ya wazee, tuendelee na ibada."

Rosina aliishika karatasi bila kuitazama. Aliyatafuta macho ya Filemoni. Filemoni alikuwa akitazama sakafu.

"Mchungaji, siwezi kuikana Amina ile. Niliyasikia maneno yote, nikayaelewa, nikayakubali. Yule mwalimu aliomba mvua kwa mwenye mvua, nami simjui mwenye mvua mwingine. Kama nilikosa, bado sijaona. Atakayenionyesha nitamshukuru, na nitarudi hapa kutubu. Najua pia kwamba yupo mtu kati yetu ambaye neno hili lilimgharimu sana, nami nilimwumiza bila kujua. Kwa hilo namwomba msamaha. Lakini nina toba nyingine. Jumapili iliyopita mume wangu aliomba hapa sala ndefu, nikaitikia Amina. Aliomba nini? Sijui. Nilikuwa nawaza unga. Jumapili ya kabla yake nilikuwa nawaza kiatu cha mtoto. Ni miaka kumi na tisa tangu kipaimara changu, na nimeitikia maelfu ya sala nisizozisikia, ndani ya nyumba hii na nyingine kama hii. Hizo ndizo Amina ninazozikana. Mungu anisamehe, nanyi mnisamehe."

Aliirudisha karatasi, akaenda kukaa benchi la nyuma.

"Hiyo siyo toba uliyoagizwa," alisema mchungaji, polepole.

"Ndiyo niliyo nayo, Mchungaji."

Mchungaji Habakuki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mitaa tisa, pikipiki moja, na kanuni zilizoandikwa na watu ambao hawakuwahi kusikia swali hili. Alisema kwamba Rosina hatashiriki meza hadi baraza la usharika litakapoamua. Kuhusu mwinjilisti, alianza kusema, kwa kuwa nyumba yake...

Mzee Paulo alisimama.

"Barua yako ilisema amesilimu. Hakusilimu."

"Mzee, wewe ndiye uliyeleta shauri hili."

"Nililileta, na bado nasema alikosa. Lakini barua ilisema amesilimu, na ni kwa hilo mwinjilisti alitishiwa kunyang'anywa nyumba. Sasa tumesikia si kweli. Sitaki mtu aadhibiwe kwa jambo ambalo si kweli." Akakaa, na hakumtazama Rosina.

Filemoni alibakishwa kazini kwa kuangaliwa. Meza ikaandaliwa, watu wakaiendea, Rosina akabaki benchi la nyuma na mikono yake mapajani. Mwisho, kama ilivyo desturi, mwinjilisti aliombwa afunge kwa sala. Filemoni aliomba jinsi alivyoomba siku zote, kwa kasi, maneno yakisukumana. Akafika mwisho.

Hakuna aliyeitikia. Washarika walitazamana. Kila mmoja alikuwa ameufungua mdomo, na kila mmoja alikuwa ameufunga, kwa sababu kila mmoja alikuwa akijiuliza mwinjilisti ameomba nini.

"Mwinjilisti," alisema Mama Yuditha, akiwa amekunja uso, "umekwenda mbio. Rudia."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Filemoni mwenyewe alicheka, akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akarudia, sentensi moja moja, akisimama baada ya kila moja kama anayesubiri mgonjwa ameze dawa. Aliomba mvua. Aliwaombea watoto. Aliomba wenye kukosana wapatane. Alipomaliza, Amina zilikuja moja baada ya nyingine, hazikupatana, nyingine mapema, nyingine kwa kuchelewa. Ya Mzee Paulo ilikuja karibu na mwisho, ikafuatwa na moja tu, ya Rosina, kutoka benchi la nyuma.

*

Rosina alikaa mbali na Meza ya Bwana kwa miezi saba. Baraza la usharika halikuamua kamwe kama alikosa. Lilimrudisha kwa maelezo kwamba muda ulikuwa umetosha. Vitambaa vya altare vilibaki kwa Mama Yuditha. Mvua ilinyesha mwishoni mwa Aprili, kunde zikaota, mahindi yakashindikana. Mwaka uliofuata Mzee Paulo alipanda gari kwenda Magoma, akamwuliza ndugu yake maana ya dua iliyosomwa kaburini kwa baba yao. Alichojibiwa hakumsimulia mtu, na hadi alipofariki aliendelea kusema kwamba mama Justa alikosa. Filemoni alijifunza kuomba polepole. Na katika mtaa wa Kwedilima, sala inapoisha, watu hukaa kimya kidogo kabla ya kuitikia.